Wilaya ya Dithmarschen

Dithmarschen (tamka: Ditmarshen) ni wilaya ya vijijini (kwa Kijerumani: Kreis) katika jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini. Ni moja kati ya wilaya 11 za jimbo hilo. Eneo lake ni takriban km² 1,430 na wakazi wake ni takriban 135,000. Makao makuu yako katika mji wa Heide.

Wilaya hii inajulikana kwa mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya ardhi yake haikuwepo zamani: ilikuwa matope ya bahari, ikageuzwa kuwa mashamba kwa kazi ya mikono iliyoendelea kwa karne nyingi. Pili, kati ya mwaka 1227 na 1559 wakulima wake walijitawala wenyewe, wakati ambapo wakulima wengi wa Ulaya walikuwa chini ya mabwana wa ardhi. Mambo haya mawili hayatenganiki. Watu waliolazimika kushirikiana kila mwaka ili bahari isiwameze walijifunza pia kufanya shauri pamoja, kutunga sheria na kupigana pamoja.

Jiografia

Mahali na mipaka

Dithmarschen karibu yote imezungukwa na maji. Upande wa magharibi iko Bahari ya Kaskazini. Upande wa kaskazini unapita mto Eider na upande wa kusini uko mdomo wa mto Elbe, ambao ni njia ya meli kwenda bandari ya Hamburg. Upande wa mashariki na kusini-mashariki umechimbwa Mfereji wa Kiel, unaounganisha Bahari ya Kaskazini na Bahari ya Baltiki. Tangu mwaka 1937 mfereji mdogo wa Gieselau unaunganisha mto Eider na Mfereji wa Kiel, na kwa njia hiyo mzunguko wa maji umekamilika.

Wilaya jirani ni Nordfriesland, Schleswig-Flensburg, Rendsburg-Eckernförde na Steinburg. Ng'ambo ya Elbe liko jimbo la Saksonia ya Chini.

Aina za ardhi

Ili kuielewa historia ya Dithmarschen inafaa kwanza kutofautisha aina tatu za ardhi, kila moja ikiwa na jina lake la Kijerumani.

Geest ni ardhi ya juu iliyoko upande wa mashariki. Ni mchanga na mawe yaliyoletwa na barafu kubwa ya enzi ya barafu na kuachwa hapo barafu ilipoyeyuka. Vilima vyake ni vya chini; hata sehemu za juu kabisa hazifiki mita 80 juu ya usawa wa bahari. Udongo wake si tajiri, lakini ni mkavu na salama, na ndiyo sababu makazi ya kale yako huko. Karibu na Albersdorf kuna makaburi ya mawe makubwa yaliyojengwa na wakulima wa zama za mawe maelfu ya miaka iliyopita.

Moor ni kinamasi. Kilitokea katika mabonde ambako maji ya mvua hayakupata njia ya kutoka, na mimea iliyokufa ilirundikana bila kuoza kabisa. Zamani watu walichimba udongo huo wa mimea, wakaukausha na kuutumia kama kuni.

Marsch ni tambarare iliyoko upande wa bahari. Ni udongo mzito wa mfinyanzi ulioletwa na maji ya kujaa na kutuama tabaka juu ya tabaka. Una rutuba kubwa, kati ya ardhi bora za kilimo nchini Ujerumani. Tatizo lake ni moja: sehemu kubwa iko chini ya kiwango cha maji yanapojaa. Bila matuta ya kuzuia bahari isingewezekana kulima wala kuishi huko.

Mbele ya matuta ya leo liko eneo linaloitwa Watt. Hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kila siku. Maji yakipwa, kilomita nyingi za matope na mchanga huonekana wazi. Yakijaa, yote ni bahari. Eneo hili ni makao ya konokono, chaza, minyoo, kamba wadogo na sili, na ni kituo cha mamilioni ya ndege wahamao kati ya Aktiki na Afrika. Tangu mwaka 1985 ni hifadhi ya taifa ya jimbo la Schleswig-Holstein, na mwaka 2009 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwenye kisiwa kidogo cha mchanga cha Trischen haruhusiwi kukaa mtu isipokuwa mlinzi mmoja wa ndege, ambaye huishi humo peke yake kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli.

Jinsi ardhi ilivyochukuliwa kutoka bahari

Wakazi wa kwanza wa Marsch, takriban miaka 2,000 iliyopita, hawakuwa na matuta. Walirundika udongo na samadi hadi kupata vilima vidogo, wakajenga nyumba zao juu yake. Kilima cha namna hiyo huitwa Wurt. Dhoruba ilipokuja, maji yalizunguka kilima, na watu pamoja na mifugo walisubiri juu mpaka yapwe. Wesselburen na Wöhrden ni mifano ya miji na vijiji ambavyo mpaka leo viko juu ya vilima hivyo.

Kuanzia karne ya 11 na ya 12 watu waliunganisha nguvu na kujenga matuta marefu yaliyozuia maji yasiingie mashambani kabisa. Baadaye hawakutosheka na kujilinda, bali walianza kusogea mbele. Njia yenyewe ni ya polepole. Kwanza hupigwa mistari miwili ya vigingi matopeni na katikati yake hufungwa matawi, ili kupata uzio unaopunguza kasi ya mawimbi. Maji yaliyotulia huacha matope yake ndani ya uzio. Kisha huchimbwa mitaro midogo, na matope ya mitaro hutupwa pembeni ili kuinua uso wa ardhi. Mimea inayovumilia chumvi huota na kushika matope zaidi. Baada ya miaka mingi majani huenea, kondoo huletwa kulisha, na mwishowe tuta jipya hujengwa mbele. Ardhi iliyozungukwa hivyo huitwa Koog.

Majina ya Koog yanasimulia nani alikuwa akitawala wakati huo. Friedrichskoog, iliyofungwa mwaka 1854, ina jina la mfalme Frederik VII wa Denmark. Kaiser-Wilhelm-Koog ya miaka ya 1870 ina jina la Kaisari Wilhelm I wa Ujerumani.

Tuta la zamani halibomolewi tuta jipya linapokamilika, bali hubaki nyuma kama akiba. Wenyeji wana majina ya matuta hayo: lililo mbele ya bahari huitwa "lililo macho", la pili huitwa "lililolala", na la tatu "linaloota". Likivunjika lililo macho, lililolala huamka.

Sheria ya tuta na sheria ya sepetu

Zamani kila mwenye shamba nyuma ya tuta alipewa kipande chake cha tuta cha kutunza, kulingana na ukubwa wa shamba lake. Kama kipande kimoja tu kilikuwa dhaifu, bahari iliingia hapo na kuwazamisha wote, wazembe na wenye bidii sawasawa. Kwa hiyo ukaguzi ulikuwa mkali na adhabu ilikuwa kubwa. Kanuni ya msingi ilisemwa kwa maneno machache: asiyetaka kujenga tuta, na aondoke.

Maneno hayo yalitekelezwa kweli. Mkulima aliyeshindwa kabisa kutunza kipande chake alichomeka sepetu kwenye tuta na kuacha shamba lake lote. Aliyeichomoa sepetu hiyo alipata shamba, na pamoja nalo mzigo wa kutunza tuta. Hii iliitwa sheria ya sepetu. Msomaji anaweza kuiona kuwa ya kikatili, lakini katika nchi iliyo chini ya kiwango cha bahari haki ya kumiliki ardhi haikuweza kutenganishwa na wajibu kwa jirani.

Historia

Kutoka Wasaksoni hadi uhuru

Katika karne za kwanza za Zama za Kati Dithmarschen ilikuwa nchi ya Wasaksoni. Baada ya Karolo Mkuu kuwashinda Wasaksoni na kuwaingiza katika Ukristo, kanisa la kwanza la eneo hili lilijengwa Meldorf. Kanisa la matofali linaloonekana huko leo ni la karne ya 13. Watu huliita "kanisa kuu", ingawa Meldorf haijawahi kuwa na askofu.

Baadaye nchi ilipita mikononi mwa watawala mbalimbali. Mwaka 1227 yalitokea mapigano ya Bornhöved kati ya mfalme Valdemar II wa Denmark na watawala wa Ujerumani ya kaskazini. Watu wa Dithmarschen walikuja upande wa mfalme, lakini vita ilipopamba moto waligeuka na kujiunga na maadui wake. Mfalme alishindwa. Tangu hapo Dithmarschen ilimtambua Askofu Mkuu wa Bremen kama bwana wake, lakini huyo alikuwa mbali, ng'ambo ya Elbe, na mamlaka yake yalikuwa ya jina tu.

Jamhuri ya wakulima

Nchi iliendeshwa na parokia zake na koo zake. Ukoo haukuwa wa damu peke yake. Ulikuwa pia chama cha kiapo. Wanachama walisaidiana kujenga matuta, kulipa faini, kutoa ushahidi mahakamani na kulipiza kisasi. Katika makaburi ya zamani ya kanisa la Lunden bado yako mawe makubwa ya koo hizo.

Mwaka 1447 sheria za nchi ziliandikwa na mahakama kuu ya watu 48 ikaundwa. Hao Arobaini na Wanane walishika cheo kwa maisha yao yote. Walikutana Heide, kijiji kilichokuwa katikati ya nchi, na mikutano hiyo pamoja na soko lake ndiyo iliyokifanya kikue kuwa mji. Uwanja wa soko wa Heide una ukubwa wa hekta 4.7 na unahesabiwa kati ya mikubwa kabisa nchini Ujerumani.

Jamhuri hii haikuwa demokrasia kwa maana ya leo. Wanawake, watumishi na watu wasio na ardhi hawakuwa na sauti, na vyeo vya Arobaini na Wanane vilishikwa hasa na familia tajiri. Kisasi cha koo nacho kilimwaga damu nyingi. Peter Swyn wa Lunden, mmoja wa Arobaini na Wanane, alipinga desturi ya watu wa ukoo kuapa mahakamani kumtetea ndugu yao bila kujali ukweli. Aliuawa mwaka 1537. Hata hivyo hapakuwa na kabaila aliyewatawala, wala mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana.

Vita dhidi ya wafalme

Watawala wa jirani walijaribu mara nyingi kuiteka nchi hii tajiri. Mwaka 1319 kabaila Gerhard III wa Holstein alishindwa huko Wöhrden. Mwaka 1404 mtemi Gerhard VI wa Schleswig aliuawa pamoja na makabaila wengi walipoviziwa katika njia nyembamba.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 1500. Kaisari Friedrich III alikuwa amempa mfalme wa Denmark haki juu ya Dithmarschen mwaka 1474, bila kuwauliza wenyeji. Mfalme Hans wa Denmark na mdogo wake, mtemi Friedrich, walikusanya jeshi linalokadiriwa kuwa na watu 12,000. Nguvu yake ilikuwa Gadi Nyeusi, askari wa kukodiwa takriban 4,000 chini ya kamanda Thomas Slentz. Waliuteka mji wa Meldorf, na tarehe 17 Februari wakaanza kuelekea Heide.

Barabara ilikuwa nyembamba, imeinuliwa kati ya mitaro miwili, na barafu ilikuwa imeyeyuka. Karibu na Hemmingstedt wakulima chini ya Wulf Isebrand walikuwa wamejenga ngome ya udongo usiku, wakaziba njia. Kisha milango ya maji ya matuta ilifunguliwa, na maji yakafunika mashamba. Jeshi la mfalme lilikwama: askari wa mbele hawakuweza kusonga, wa nyuma walizidi kusukuma, na farasi na mizigo vilizama matopeni. Wakulima walijua kila mtaro. Walivuka kwa kuruka na fito ndefu, kama walivyozoea kazini mwao. Slentz aliuawa na maelfu ya askari walikufa, wengi kwa kuzama. Bendera kuu ya Denmark ilitekwa. Kwa mapokeo, wavamizi walikuja wakipiga kelele, "Jihadhari, mkulima, Gadi inakuja!" na jibu la wenyeji likawa, "Jihadhari, Gadi, mkulima anakuja!" Habari za ushindi huo zilifika mbali. Nchini Sweden, iliyokuwa pia chini ya mfalme Hans, uasi dhidi yake ulianza mwaka uliofuata.

Siku hiyo bahari, adui wa kila siku, ilitumika kama silaha. Lakini si jambo dogo kwa mkulima kufungua milango ya tuta na kuyaachia maji mashamba yake mwenyewe.

Matengenezo ya kidini na mwisho wa uhuru

Mwaka 1524 mhubiri Heinrich von Zütphen, mfuasi wa Martin Luther, aliitwa Meldorf. Wapinzani wake walimkamata usiku, na tarehe 10 Desemba aliuawa kwa moto mjini Heide. Baada ya miaka isiyofika kumi, nchi hiyohiyo ilipokea Ulutheri.

Mwaka 1559 mfalme Frederik II wa Denmark pamoja na watemi wawili walishambulia tena, safari hii wakiwa na kamanda mwenye uzoefu, Johann Rantzau. Hakurudia kosa la mwaka 1500. Alikuja wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, na akawagawa wakulima kwa kushambulia kutoka pande mbalimbali. Mwezi Juni, baada ya mapigano ya Heide, Dithmarschen ilisalimu amri. Silaha na ngome zilichukuliwa, na bendera iliyotekwa mwaka 1500 ilirudishwa. Wakulima walibaki na mashamba yao na sehemu ya kujitawala kwao kijijini, lakini dola lao lilikwisha. Wafalme wa Denmark waliiweka alama ya Dithmarschen, mpanda farasi mwenye silaha, katika nembo yao ya kifalme, na ilibaki humo hadi mwaka 1972.

Chini ya Denmark, Prussia na Ujerumani

Nchi iligawanywa, na baada ya mwaka 1581 zilikuwepo sehemu mbili: kaskazini chini ya watemi wa Gottorf, kusini chini ya mfalme. Kuanzia mwaka 1773 zote mbili zilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Baada ya vita ya mwaka 1864 Denmark ilipoteza Schleswig na Holstein, na mwaka 1867 maeneo hayo yakawa mkoa wa Prussia. Hapo ndipo zilipoundwa wilaya mbili, Norderdithmarschen na Süderdithmarschen.

Kati ya mwaka 1887 na 1895 ulichimbwa Mfereji wa Kiel, wenye urefu wa karibu kilomita 99. Mlango wake wa magharibi uko Brunsbüttel, ambayo ilikua kuwa mji wa bandari na viwanda.

Miaka ya 1920 wakulima wengi walizama katika madeni, na mwaka 1928 maelfu waliandamana. Hasira hiyo iliwanufaisha Wanazi. Mwezi Machi 1929 Wanazi na Wakomunisti walipambana huko Wöhrden na watu watatu wakafa. Adolf Hitler mwenyewe alikuja kwenye mazishi ya wafuasi wake na kuyatumia kwa propaganda. Mwaka 1935 alikuja tena kuzindua Koog iliyopewa jina lake. Wakulima waliopewa ardhi huko walichaguliwa kwa kuangalia uaminifu wao kwa chama, na jamii hiyo ilionyeshwa kama mfano wa Ujerumani mpya. Baada ya vita jina lilibadilishwa kuwa Dieksanderkoog. Ukumbi wa chama uliojengwa hapo sasa ni mahali pa maonyesho yanayoeleza uongo wa mfano huo. Huko Gudendorf upo ukumbusho wa wafungwa wa kivita wa Kisovyeti waliokufa katika eneo hilo. Historia hii inakumbusha kwamba sifa za mababu waliokuwa huru hazimkingi mtu na udikteta. Wanazi walizitumia sifa hizohizo kuwavuta wakulima.

Baada ya mwaka 1945 walifika wakimbizi wengi wa Kijerumani kutoka Prussia ya Mashariki na Pomerania. Tarehe 26 Aprili 1970 wilaya mbili ziliunganishwa tena kuwa Dithmarschen moja.

Utawala

Wilaya ina miji mitano: Heide, Brunsbüttel, Meldorf, Marne na Wesselburen. Pamoja na miji hiyo kuna manispaa zaidi ya 100, nyingi zikiwa vijiji vya watu mia kadhaa tu.

Wilaya ya Ujerumani si ofisi ya serikali kuu pekee, bali ni mamlaka ya kujitawala. Wananchi huchagua baraza la wilaya kila baada ya miaka mitano, na baraza humchagua mkuu wa wilaya. Kazi zake ni kama barabara za wilaya, ukusanyaji wa taka, ustawi wa jamii, shule za ufundi, huduma za uokoaji na kuandikisha magari. Matuta makubwa ya baharini yako chini ya jimbo. Mitaro na milango ya maji ndani ya nchi hutunzwa na vyama vya wenye ardhi, warithi wa vyama vya zamani.

Uchumi

Kilimo bado ni muhimu. Zao mashuhuri ni kabichi, iliyoanza kulimwa kwa wingi karibu na Wesselburen mwishoni mwa karne ya 19. Udongo mzito hushika maji, upepo wa bahari hupunguza wadudu, na hali ya hewa haina baridi kali wala joto kali. Leo huvunwa takriban vichwa milioni 80 kwa mwaka. Sehemu yake huchachushwa kwa chumvi na kuuzwa kama Sauerkraut. Tangu mwaka 1987 husherehekewa sikukuu za kabichi kila Septemba. Kondoo hulishwa juu ya matuta. Hufupisha majani na kushindilia udongo kwa kwato zao.

Büsum ni bandari ya wavuvi wa kamba wadogo na pia mji wa watalii. Kule Friedrichskoog kuna kituo kinacholea watoto wa sili waliopotezana na mama zao.

Dithmarschen pia ni nchi ya nishati. Hemmingstedt ina kiwanda cha kusafisha mafuta, na kituo cha Mittelplate huchimba mafuta chini ya Watt tangu mwaka 1987. Kituo cha umeme wa nyuklia cha Brunsbüttel kilisimama mwaka 2007. Mwaka 1983 kilijengwa Kaiser-Wilhelm-Koog mtambo wa upepo ulioitwa Growian, mkubwa kuliko yote duniani wakati ule. Uliharibika mara kwa mara na kuachwa mwaka 1987. Mwaka huohuo, mahali hapohapo, mitambo midogo 30 iliwekwa kuwa shamba la kwanza la upepo nchini Ujerumani, nayo ikafanya kazi. Leo mitambo ya upepo huonekana kila upande. Mwaka 2024 kampuni ya Northvolt ya Sweden ilianza kujenga kiwanda cha betri karibu na Heide, ikivutiwa na umeme huo, lakini mwaka 2025 ilifilisika nchini kwao.

Lugha na watu mashuhuri

Pamoja na Kijerumani sanifu, wazee wengi bado huongea Kijerumani cha Chini, lugha ya kaskazini iliyo karibu na Kiholanzi. Mshairi Klaus Groth (1819-1899), mzaliwa wa Heide, alionyesha kwamba lugha hiyo ya kijijini inafaa kwa fasihi. Mwandishi wa tamthilia Friedrich Hebbel (1813-1863) alizaliwa Wesselburen, mtoto wa mwashi maskini. Johann Jakob Brahms, baba wa mtunzi wa muziki Johannes Brahms, alitoka Heide.

Carsten Niebuhr (1733-1815) aliishi Meldorf kama karani mkuu wa serikali tangu mwaka 1778 hadi kufa kwake. Kabla ya hapo alikuwa mpimaji katika msafara uliotumwa Uarabuni na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Wenzake wote walikufa njiani. Yeye aliendelea peke yake, akafika Maskat nchini Oman mwaka 1765, kisha Uajemi, ambako alinakili maandishi ya kale ya Persepolis kwa uangalifu uliowasaidia wataalamu wa baadaye kuyasoma. Ramani yake ya Yemen ilitumika kwa muda mrefu.

Mwandishi Gustav Frenssen (1863-1945) wa Barlt aliandika mwaka 1906 riwaya kuhusu vita ya Wajerumani dhidi ya Waherero katika Namibia ya leo. Riwaya hiyo ilitetea vita hiyo na ilisomwa sana na vijana. Baadaye Frenssen aliwaunga mkono Wanazi.

Bahari leo

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962 dhoruba kali ilivunja matuta mengi kwenye pwani ya Ujerumani na kuua zaidi ya watu 300, wengi wao mjini Hamburg. Baada ya hapo matuta yaliinuliwa na kunyooshwa. Mwaka 1973 mdomo wa mto Eider ulifungwa kwa kizuizi chenye milango mikubwa, ambayo hufungwa dhoruba inapokuja. Tangu kuundwa kwa hifadhi ya taifa, ardhi mpya haichukuliwi tena kutoka bahari.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ni mawimbi peke yake. Ipo nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Mvua inayonyesha ndani ya matuta lazima itolewe, na kwa karne nyingi ilitolewa bila gharama ya nguvu: bahari ilipokupwa, milango ya maji ilifunguka na maji ya mitaro yakatoka, ilipojaa, milango ilijifunga. Bahari inavyopanda kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, muda wa milango kuwa wazi unapungua kila siku. Pampu zinazidi kuhitajika, na pampu zinahitaji umeme na fedha. Swali la zamani limerudi kwa sura mpya: nani atunze kipande kipi cha tuta, na kwa gharama ya nani? Wakazi wa Dithmarschen wamelijibu swali hilo kwa miaka 900, na jibu lao halijawahi kuwa la mtu mmoja mmoja.